Hicho kinundu cha brown mnakisikia wapi?

Juzi kijana kaingia hapa steshenari na kibodi mpya, kaibeba kama keki ya harusi. "Mangi, hebu gusa hii. Swichi za brown, sikia kinundu!" Swichi ni kile kidude kilicho chini ya kila kitufe, na kinundu ni kale kamkwaruzo ambako kidole kinapaswa kukasikia ukibonyeza. Nikachapa "naapa na kuthibitisha" mara tatu, maana hati za kiapo ndizo zinazonilisha hapa Moshi. Nikarudia nimefumba macho. Nilichosikia ni kile unachokisikia ukitafuna wali ambao mchele wake haukuchambuliwa vizuri.

Na kalipa zaidi kwa sababu ya jina la Cherry, kampuni ya Ujerumani iliyobuni swichi hizi.

Jamani, kinundu kina kazi! Swichi hizi zinashuka milimita 4 hivi, ila herufi inaingia ukifika nusu tu. Kinundu ndicho kinachokuambia tayari, acha. Kisipokuwepo unagonga hadi chini kila herufi, na ukiwa umeanza kuchapa saa mbili asubuhi, ikifika saa kumi vidole vinawaka moto. Ndani hakuna uchawi: ni vimiguu vya plastiki vinavyosugua kibati. Vikiwa na tumbo la maana, kidole kinajua. Tumbo likiwa la aibu kama la brown, unajipa moyo tu. Na tangu hataza ya Cherry, yaani haki ya kuzitengeneza peke yake, iishe, viwanda vya China vinachonga matumbo ya kila aina kwa bei ya kueleweka. Mimi natumia swichi za Akko V3 Cream Blue. Kinundu kinakupokea mwanzoni kabisa. Mwenye mtoto aliyelala chumba hicho hicho atafute Outemu Silent Lemon, zina kinundu ila hazina kelele.

Haya, wapo wanaoipenda brown kwa ulaini wake. Sawa. Si wanunue red basi, zisizo na kinundu kabisa, waache kusumbua watu na kinundu?

Ila kabla ya kununua swichi za kubadilisha, kwanza hakikisha kibodi yako swichi zake zinachomoka bila kulehemu. Swichi ya pini 5 (vile vijiti vya chini yake) ikigoma kwenye bodi yenye matundu ya pini 3, zile mbili za plastiki zikate kwa kikata kucha, zile za chuma usiziguse.

Na hesabu vitufe! Mimi, mjuaji, niliagiza swichi 70 kwa kibodi ya vitufe 87. Safu yote ya juu pamoja na Insert bado ni brown. Yule kijana kaigusa Esc, kanitazama, kacheka hadi mama aliyekuwa anasubiri mkataba wake wa shamba akauliza kuna nini.