Nyimbo hazivuji zenyewe, kuna mtu wa ndani

Mwandishi unasema albamu zinavuja kabla ya siku yake sababu ya mahaka, yani wale wadukuzi wa mtandaoni, aisee hapana. Lile kundi la RNS la Marekani la kuvujisha albamu mtandaoni, lililoanza 1996, mtu wao tegemeo Dell Glover alikua mfanyakazi tu wa kiwanda cha sidii kule North Carolina, sidii zilikua zinatolewa getini zimefichwa nyuma ya chuma cha mkanda wa suruali, kifaa cha mlinzi kikilia anajua ni mkanda tu, wiki kadhaa mbele ndo zinafika dukani.

Na huku Dodoma ni hivohivo. Mdogo wangu karekodi nyimbo nane za injili kwa hela ya zabibu za mama, kava bado halijachapishwa, tunapita Jamatini tunamsikia kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, mpaka kile kikohozi chake mwanzo wa wimbo wa tatu kipo, yani hata miksi ilikua haijaisha jamani! Alisimama pale analia. Yule kijana wa kibanda wala sikumlaumu, nae kauziwa. Aliyekopi ni wa studio, ndo wa kubanwa huyo.