Usiku Niliobembeleza Hita

Nimewahi kumbembeleza mtoto mchanga aliyekataa kulala, na nimewahi kumbembeleza mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi ya miezi miwili, lakini sijapata kubembeleza kitu chochote kwa unyenyekevu kama nilivyoibembeleza hita ya gesi ya gari letu la kambi, lile lenye kitanda na jiko ndani, usiku ule. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati, tochi nimeiuma kwa meno, bisibisi iko mkononi, na pumzi inanitoka kama moshi wa garimoshi la zamani. Nje baridi ilikuwa ya kugandisha maji. Ndani nayo ilikuwa ileile, tofauti ikiwa kwamba ya ndani nilikuwa nimeigharamia.

Hita yenyewe ni sanduku la chuma lililofichwa chini ya kiti cha nyuma. Ukibonyeza swichi ukutani, feni huzunguka kwanza ili kusafisha chumba cha moto, kisha vali ya gesi hufunguka, cheche zinapigwa ta-ta-ta-ta, moto unashika, na baada ya dakika chache hewa ya joto huanza kutambaa miguuni. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda katika kitabu cha maelekezo. Usiku ule feni ilizunguka, cheche zikapigwa, kukawa kimya. Hita ikajaribu tena, kukawa kimya tena. Ikajaribu mara ya tatu, kisha taa nyekundu ikawaka na kunikodolea jicho kama mwalimu wa zamu.

"Baba Zawadi," mke wangu aliita kutoka chini ya mablanketi matatu, "hiyo hita inawaka au haiwaki?"

"Inajiandaa," nilimjibu.

Ugonjwa wa kwanza niliugundua mwenyewe, na naomba nisifiwe hapa hapa kwa sababu ndio pekee nilioupatia kwa akili yangu. Mtungi tuliokuwa tukiutumia ulikuwa wa butani, uliobaki tangu majira ya joto. Butani huchemka kwenye nusu nyuzi tu chini ya sifuri ya Selsiasi, kwa hiyo baridi ikifika hapo hubaki kimiminika na kukaa ndani ya mtungi kama mgeni aliyekwisha kunywa chai lakini hataki kuaga. Unautikisa mtungi, unasikia gesi ikicheza, uzito upo, hela yako imo humo ndani unaisikia kwa masikio yako, na haitoki. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana watu wenye busara huibeba hiyo wakati wa baridi. Mimi nilikuwa nayo pia, mtungi mzima umejaa, umekaa pembeni ukisubiri nipate hiyo busara.

Kilichonichelewesha ni jiko. Nilikuwa nimewasha kichomeo chake kidogo nikaona moto, nikajiambia kwamba gesi ipo na kosa ni la hita. Jiko ni kiumbe mvumilivu; hata ukilipa gesi ya kubahatisha litakuonyesha ndimi mbili tatu za buluu ili usifedheheke. Hita haina tabia hiyo. Ya kwetu inataka shinikizo la milibari 30, na usipoipatia haina mjadala nawe. Ni kwa kuinama na kuutazama moto wa jiko kwa makini ndipo nilipoona jinsi ulivyokuwa mfupi, ukinyanyuka na kunywea kama mtu anayesinzia mkutanoni.

Nikatoka nje kubadilisha mtungi. Hapa sina budi kueleza kwamba nati ya mtungi wa propani imechongwa kinyume na nati tulizozoea, kwamba unaifunga kwa kuzungusha upande ambao ungefungulia, na kwamba nililijua jambo hilo kwa miaka mingi hadi dakika nilipolihitaji. Nilikaza muda mrefu nikidhani nafungua. Nilipoacha kupigana nayo, nikaifunga ya mtungi mpya sawasawa, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio kuona kama kuna mapovu yanayovimba, na hayakuvimba. (Wapo wanaotafuta gesi inayovuja kwa kiberiti. Hao huipata.) Koki niliifungua polepole, kwa sababu ukiifungua kwa pupa, kile kivali cha usalama kinachokaa kwenye regulata, kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi ya mtungi, hudhani mpira umepasuka na kuziba njia, kisha unabaki na mtungi umejaa na gari lisilo na gesi.

Niliporudi ndani, hita ilijaribu mara tatu na kukata tamaa. Hili nalo lilikuwa na sababu yake: ukibadilisha mtungi, bomba linabaki na hewa, na hita hupuliza hewa hiyo juu ya cheche bila kupata cha kuwasha. Dawa yake ni kuwasha jiko kwanza na kuliacha hadi moto utulie, maana jiko halichoki kuwashwa, kisha ndipo uirudie hita. Nilifanya hivyo. Moto wa jiko ulisimama mrefu na imara, nami nikajisikia fundi.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nanuka. Gesi hizi zenyewe hazina harufu ya maana. Hutiwa kemikali ya salfa yenye harufu ya kabichi iliyooza ili pua ikushtue, na kiasi kidogo sana kinatosha. Gesi kidogo iliyotoka wakati wa kubadilisha mtungi iliishia kwenye mkono wa koti langu, nami nikaingia nalo ndani. Nikanusa. Nikanusa tena. Nikafungua dirisha.

"Baba Zawadi, hilo dirisha umelifungua kwa nini?"

"Usalama kwanza," nilisema, kwa sauti ya tangazo la redio.

Tena nilitoa na mhadhara mfupi. Nilimweleza kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani kiasi cha mara moja na nusu na butani takriban mara mbili, kwamba ikivuja hujikusanya chini kama maji, na ndiyo maana sakafu ya gari ina matundu ambayo mtu hatakiwi kuyaziba hata miguu ikiganda. Akaniuliza: kama gesi inatokea sakafuni, dirisha la juu linafanya kazi gani? Nilikuwa nikitafuta fyuzi wakati huo, kwa hiyo sikupata nafasi ya kumjibu.

Nikabonyeza swichi, na sasa ndipo hita ilipofanya jambo jipya, nalo lilikuwa kutofanya jambo lolote. Feni haikuzunguka. Cheche hazikupigwa. Taa nyekundu tu ndiyo iliyokuwa ikipepesa. Mtu mwenye akili iliyotulia angelitambua hapo hapo kwamba huu si ugonjwa uleule, maana hita inayojaribu ikashindwa inakuambia habari za gesi au za hewa, na hita isiyojaribu kabisa inakuambia kwamba kuna kitu kimeikataza. Lakini mimi vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi hadi kwenye kiwiko, na nikahesabu mambo yote mawili kuwa ukaidi mmoja. Nikampigia simu shemeji.

Shemeji yangu, kaka yake Mama Zawadi, ni mtu anayejua kila kitu, na anapopigiwa simu usiku hujua zaidi.

"Shemeji, hiyo ni themokapo tu," alisema kabla sijamaliza salamu. "Bonyeza kitufe, kishikilie kwa sekunde 20, hata 30, usikiachie haraka. Watu wengi huachia haraka."

Maneno yake hayakuwa ya uongo. Katika hita za zamani, themokapo ni kijiti cha metali mbili tofauti kilichochomekwa penye moto. Kikipata joto huzalisha umeme kidogo sana, milivolti kadhaa tu, kutokana na tabia ya metali ambayo mwanafizikia Seebeck aliigundua mwaka 1821, na umeme huo ndio unaoshikilia vali ya gesi isifunge. Moto ukizimika, kijiti kinapoa, vali inajifunga. Ndiyo maana lazima ushikilie kitufe hadi kijiti kipate joto. Ni ufundi mzuri wenye kasoro moja tu kwa upande wetu, kwamba hita yetu haina themokapo wala kitufe. Yenyewe huutambua moto kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya miale yake na kusoma kama umepita. Haya niliyasoma baadaye. Wakati ule nilitambaa chini ya kiti kwa robo saa nikitafuta kitu cha kushikilia, na nilichokipata nikakishikilia kwa sekunde 30 kamili. Kilikuwa kichwa cha skrubu.

"Imewaka?" shemeji aliuliza.

"Bado."

"Basi ni buibui."

Nilidhani ananitania, lakini hata hapo hakukosea. Buibui wadogo hupenda kufuma ndani ya vijitundu vya gesi, na mwaka 2011 kampuni moja ya magari ililazimika kuyaita maelfu ya magari yake huko Marekani kwa sababu buibui walikuwa wakijenga kwenye bomba la mvuke wa tangi la mafuta. Kwa hiyo nikatoka tena nje na tochi kukagua dohani, lile bomba la ubavuni ambalo hita huvutia hewa ya nje na kutolea moshi kwa wakati mmoja, lisichanganyike hata chembe na hewa tunayoivuta sisi. Nilikuta jani moja kavu. Nililitoa kwa heshima kubwa, nikaamini kwamba adui nimempata, nikarudi ndani nikakuta taa nyekundu inapepesa vilevile.

"Baba Zawadi, hilo dirisha kwani haliwezi kufungwa?"

"Mama Zawadi, niache nifanye kazi."

Kilichofuata ni betri. Hita ya gesi bila umeme wa volti 12 ni sanduku la kuwekea miguu, kwa kuwa feni, vali na cheche vyote hula betri, na betri ikichoka sana bodi ya umeme hukataa kuanza. Nikapima: volti 12.5, zinatosha. Fyuzi nikaichomoa, nikaitazama kwenye mwanga, ilikuwa nzima, nikairudisha, nikaichomoa tena kwa kuwa sikumbuki kama niliitazama ile yenyewe. Nikazima kila kitu, nikangoja dakika tano, nikawasha. Nikagonga sanduku kwa mpini wa bisibisi, kidogo, kisha si kidogo. Shemeji, ambaye alikuwa bado yuko kwenye simu na bila shaka amejifunika vizuri, alishauri nigonge upande wa pili.

Hapo ndipo nilipolirudia lile kabati, ambamo tulikuwa tumeweka kitabu. Kitabu cha maelekezo kina lugha nyingi, Kiswahili si mojawapo, na kurasa za mwanzo zote zimejaa picha za mtu asiye na uso akifanya mambo yaliyopigwa mstari mwekundu. Nilimkuta akigonga hita kwa nyundo. Karibu na mwisho palikuwa na jedwali la taa: ikiwaka mfululizo maana yake hivi, ikipepesa maana yake vile. Nikaweka kidole kwenye mstari wetu, nikausoma, nikakiondoa kidole, nikausafisha ukurasa kwa mkono wa koti, nikausoma tena.

Ulisema kwamba dirisha lililo juu ya dohani liko wazi.

Maelezo yalikuwa marefu na ya upole. Moshi wa gesi iliyoungua vibaya huwa na kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo dohani ikikaa chini ya dirisha linalofunguka, hufungwa swichi ndogo kwenye fremu ili hita isiwake kamwe dirisha likiwa wazi, moshi usije ukapanda na kuingia ndani. Nikainua tochi. Ilikuwapo, nyeupe, ndogo kama punje ya hindi, kwenye kona ya dirisha ambalo mke wangu alikuwa ameliulizia mara tatu.

"Shemeji," nikasema kwenye simu, "nadhani ni hitilafu ya umeme."

"Nilikuambia," akasema, akakata.

Nilisimama, nikajifanya ninanyoosha mgongo, nikaliegemea dirisha kwa namna ya mtu aliyechoka, likafunga, klik. Nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka. Ta-ta-ta-ta. Kisha ule mvumo mzito wa moto uliokubali, ambao sijamsikia mpiga ngoma yeyote akiufikia.

"Ulikuwa ni nini?" Mama Zawadi aliuliza.

"Mambo ya mzunguko," nikajibu, na kwa kuwa swichi ni sehemu ya mzunguko, sioni kama nilidanganya.

Tukalala. Kihisi cha joto cha hita yetu kimewekwa karibu na mlango, mahali penye upepo unaopenya chini, kwa hiyo chenyewe huamini kwamba gari zima ni baridi kama mlangoni na huendelea kuihimiza hita. Yapata saa nane za usiku nilishtuka nimelowa jasho, ulimi umekauka, nimetupa mablanketi yote sakafuni. Usingizini mkono huenda unapopajua wenyewe. Ukapapasa ukutani, ukapata kitasa, ukasukuma. Hewa safi ikanipiga usoni, nikaona raha isiyo na kifani kwa muda wa pumzi mbili hivi.

Mvumo ukakatika. Feni ikazunguka kidogo peke yake, ikanyamaza, na kwenye giza jicho jekundu likaanza kupepesa.

"Baba Zawadi," sauti ikasema taratibu kutoka upande wa pili wa kitanda, "hilo dirisha umelifungua kwa nini?"