Programu ikuzwe na Windows, au ijikuze yenyewe?

Kwenye laptopu ya inchi 15.6 yenye pikseli (nukta zinazounda picha ya skrini) 1366 kwa 768, kitufe cha pikseli 24 kina kimo cha milimita 6 hivi. Kipeleke kwenye skrini ya ukubwa uleule yenye pikseli 3840 kwa 2160, kinabaki na milimita 2 na kidogo. Lazima mtu akikuze. Ubishi ni nani: Windows au programu?

Wanaotaka Windows ifanye kazi hiyo wana hoja nzito. Tangu enzi za Windows Vista, programu isiyojua habari za msongamano wa pikseli, yaani ni ngapi zimo katika kila inchi, huachwa ijichore kana kwamba skrini ina pikseli 96 kwa inchi, kisha picha yake nzima huvutwa hadi asilimia 125 au 150. Hakuna anayegusa msimbo. Programu ya hesabu za duka iliyoandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kuandikia programu, na mwandishi wake hapatikani tena, inaendelea kutumika, kila kisanduku mahali pake. Gharama yake ni ukungu kwenye herufi. Kwa anayeifungua mara moja kwa siku, si neno. Kwa mhasibu anayetofautisha 3 na 8 kuanzia asubuhi hadi jioni, ni mateso, na sioni kwa nini aambiwe avumilie.

Upande wa pili unasema programu ijitangaze kuwa inajua vipimo vya skrini na ichore herufi zake upya. Ikifanywa vizuri, maandishi hutoka safi kabisa. Tatizo ni kwamba kujitangaza ni mstari mmoja tu wa msimbo, kutimiza ndiyo kazi. Mstari wa pikseli 1 kwenye asilimia 125 unadai pikseli 1.25, na skrini haina robo ya pikseli. Aikoni ya pikseli 16 inataka 20. Tena tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013, kila skrini yaweza kuwa na kipimo chake cha kukuza, kwa hiyo dirisha likiburutwa kutoka laptopu kwenda monita ya mezani linapaswa kujipanga upya papo hapo. Wengi huishia nusu njia: maandishi yanakua, kisanduku hakikui, tarakimu ya mwisho inakatwa. Huo ni ubaya uliopita ukungu, maana 450,000 inaweza kusomwa 45,000.

Apple walikwepa sehemu kubwa ya mzigo huu mwaka 2012 kwa kuongeza pikseli mara mbili kamili kila upande. Wao huchagua skrini zao wenyewe. Windows hupokea skrini za kila mtengenezaji.

Kinachosahauliwa na pande zote mbili ni nafasi. Ile skrini ya 1366 kwa 768 ikiwekwa asilimia 125, programu inabaki na uwanja wa takriban 1093 kwa 614. Dirisha lililopangwa kwa kimo cha 700 linaficha kitufe cha Hifadhi chini ya skrini, na hakuna ukali wa herufi utakaokirudisha. Hilo huzikumba njia zote mbili. Hata hivyo, programu ya zamani yenye vipimo vya kudumu ningeiachia Windows bila kusita, lakini kwa mpya sioni udhuru, maana zana za kuundia madirisha ya programu zipo: Windows Forms ina paneli zinazonyumbuka, WPF hupima kwa sehemu ya 96 ya inchi tangu 2006, na Qt ina mipangilio yake. Jaribio la kwanza lifanywe kwenye laptopu ya mtumba yenye kimo cha 768, ikiwa asilimia 125. Skrini ya 4K, ile ya 3840 kwa 2160, ifuate baadaye.