Suti Nyeusi, Marashi na Nyuki wa Babu

Babu yangu hakuwahi kupita mbuyu wenye nyuki bila kusimama. Mkiwa kwenye basi atamsihi dereva. Mkiwa kwenye baiskeli utashtukia umebaki na baiskeli peke yako, mzee yuko juu anashika kigingi hiki na kile, koti kalitupa chini. Na kwa mtu wa Dodoma huo ni mtihani, maana huku kwetu utapita mbuyu mmoja, ukutane na mwingine.

Ujana wake aliumalizia Kongwa, kwa Waingereza wa karanga. Hao walianza 1947 na mpango mkubwa wa kulima karanga, wakaleta hadi matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Wakakuta udongo ukikauka hauingii jembe, mvua inakuja ikijisikia, na mibuyu imejaa nyuki. Mwaka 1951 wakafunga virago. Babu, aliyekuwa kibarua wa kung'oa visiki, aliondoka pale akiamini kwamba duniani hakuna cha kuogopa, na kwamba Waingereza walifukuzwa na nyuki. Ukimweleza habari za mvua na udongo, anakutazama kwa huruma.

Ugonjwa wake mwingine ulikuwa wajukuu. Mjukuu akizaliwa Tabora, Babu yuko ndani ya treni na kuku chini ya kiti. Kwa hiyo nilipopata mchumba Kondoa, hakuna aliyeuliza nani ataongoza msafara wa posa.

Wakati huo barabara ya Kondoa ilikuwa vumbi tupu. Hii lami tunayoringia ilizinduliwa 2018. Tulikodi Land Rover chakavu: Babu, baba mdogo, shangazi, mshenga, na mimi, kwa sababu wakwe walisema wanataka kumwona huyo kijana kwa macho yao. Nilivaa suti nyeusi ya kuazima. Nikajipulizia marashi mpaka shangazi akafungua dirisha, akaona heri ya vumbi.

Tulipoipita Mayamaya, Babu akagonga bodi ya gari. "Dereva, simama hapo."

"Baba, tunachelewa," shangazi akasema.

"Ukweni hakuendwi mikono mitupu."

"Tuna mchele, tuna sukari, tuna vitenge. Mitupu ipi?"

"Hivyo ni vya dukani."

Asali hurinwa giza likiingia, nyuki wametulia. Babu alilijua hilo kuliko sisi sote, ila posa ilikuwa saa nane mchana, na pale ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Akavua koti, akawasha mwenge wa nyasi, akapanda. Mimi nikaambiwa nisimame chini na ndoo, eti ndiye mrefu.

Wafugaji wa nyuki watakwambia: ukienda kwenye mzinga vaa nguo nyeupe, na usijipake kitu chenye harufu. Nyuki akikasirika anatafuta cheusi na kinachonukia. Pale chini ya mbuyu, cheusi na kinachonukia nilikuwa mimi.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka shangazi akifunga mlango wa gari mimi nikiwa nje. Nikavua koti, nikalirusha, nikaendelea kuzunguka gari huku baba mdogo akinielekeza kupitia kioo, "Kushoto! Kushoto!" kana kwamba kushoto hakukuwa na nyuki. Babu aliteremka taratibu na masega yake ndani ya mfuko, kaumwa mara tatu tu. Kilichomsikitisha ni koti lake: mwenge ulilidondokea, likaungua mgongo mzima.

Alinikalisha kwenye jiwe akatoa kadi yake ya chama, akaanza kunikwangua. "Usibane. Ukibana unajisukumia sumu." Akanionyesha mwiba mmoja kwenye ncha ya kadi: nyuma yake kifuko kidogo cheupe, bado kinapwita chenyewe, mwenye nacho keshakwenda zake. "Umeona? Hawa wanafanya kazi hata wakiwa hawapo." Nilikiona kwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limekwisha kufunga.

Mzee haingii ukweni na shati, basi koti langu la suti akavaa yeye.

Tulipokelewa vizuri. Nilikaa mkekani, midomo imejaa uso, sisemi. Mshenga akamwaga maneno yake, barua ikapokelewa, halafu binti akaitwa na dada zake. Mjomba wake akamuuliza, "Wageni hawa unawafahamu?"

Akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia akasita, akasogeza kichwa. "Hao wengine nawasikia tu. Na huyu wa mwisho simjui."

Nikajaribu kusema ni mimi. Ikatoka, "Bibibi." Mtoto mmoja dirishani akaanza kulia.

Mjomba akairudisha barua mkekani, mbele ya mshenga. Babu akasimama. "Wazee wangu, serikali nzima ya Uingereza iliumwa na nyuki pale Kongwa, ikaacha karanga ikarudi kwao. Kijana huyu kaumwa na nyuki hao hao, na bado kaja. Mnataka mwanamume gani tena?"

Hoja ilikuwa nzito, lakini shangazi wa binti hakuwa mtu wa historia. "Maneno tumeyasikia," akasema. "Binti, huyo mwenzio si ana simu? Mpigie."

Akapiga. Chumba kizima kikanyamaza kusikiliza. Simu ikaita ndani ya koti, na koti limo mwilini mwa Babu. Badala ya kunipa mimi, mzee wa watu akaitoa, akabonyeza, akaipeleka sikioni.

"Haloo! Mbukwa!"

Nasikia mjomba mtu ndiye aliyeangua kicheko wa kwanza. Mimi sikuona, jicho la pili nalo lilikuwa likifunga. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kurudisha sura ya ukali. Tulitozwa faini ya mbuzi kwa kuwatisha watoto, asali ikaliwa palepale, na binti akaambiwa aliyeitikia simu ndiye mume, huyu aliyevimba ni mpambe.

Toka siku hiyo mke wangu hakumwita Babu jina lingine ila "mume wangu". Mzee naye akija kwetu anauliza kwanza kama mpambe ameacha hela ya mboga.

Alifariki akiwa ameipita tisini. Siku ya msiba mke wangu alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye godoro la mfiwa, khanga kichwani, analia kweli. Bibi akamtazama, akafuta machozi yake, akampiga kikumbo kidogo.

"Mke mdogo, sogea huko. Na jikoni chai umemwachia nani?"