Kama Unanipenda, Usinisugue

Juzi lori lilinitoa barabarani. Halikunigonga. Dereva aliamua tu kwamba njia ya vumbi inayotosha lori moja na nusu ni yake yote, nami nikateremka kichakani na baiskeli, mizigo na heshima yangu. Nikasimama humo nikimtukana kimoyomoyo mpaka vumbi likatulia. Ndipo nikayaona yale maganda ya kahawia yenye manyoya, yananing'inia usawa wa goti. Upupu.

Lakini kilichonikera si lori wala upupu. Ni msafiri mwenzangu, mtu mwema kabisa, aliyetupa baiskeli yake chini, akang'oa majani ya kwanza aliyoyaona na kuanza kunisugua mguu kama anayekwangua masizi ya sufuria. "Tulia, hii dawa." Dawa! Alipomaliza, mwasho ulioanzia kwenye kigimbi ulikuwa umepanda hadi pajani, na yeye mwenyewe ameshajifuta jasho la shingoni kwa mikono ileile. Ningependa kusema sikucheka.

Hivi huu ugonjwa wa kusugua tuliutoa wapi? Mtu akiwashwa, kila aliye karibu anageuka mganga, na uganga wenyewe ni mmoja: shika, sugua, sugua zaidi. Manyoya ya upupu ni vishale vidogo mno, na kazi yake ni kupenya ngozi. Mwanzoni vingi vimelala juujuu tu, vinasubiri mpumbavu wa kuvisukuma ndani. Ukisugua, umevisukuma. Vilivyobaki umevihamishia mahali pasipokuwa na kosa lolote. Hata kujikuna ni kusugua, na hapo nakiri ushauri wangu ni rahisi kuuandika kuliko kuufuata. Mimi mwenyewe nilivumilia labda dakika moja.

Kinachofaa ni hiki. Ondoa mikono. Vua nguo iliyopita kichakani, taratibu, usiikung'ute mahali upepo unapokujia. Kisha chukua selotepu, naam, selotepu ya kawaida, ibandike kwenye ngozi kavu na uibandue. Kata kipande kipya, rudia. Utayaona manyoya yamenasa kwenye gundi, na sijui raha nyingine ndogo inayolingana na hiyo ukiwa kando ya barabara. Baada ya hapo maji baridi ya kumimina na sabuni. Unamimina, hufikichi. Na tafadhali, hapa sitanii: usiguse macho. Manyoya yakiingia humo, suuza kwa maji mengi na utafute daktari siku hiyohiyo. Midomo ikivimba au pumzi ikikata, safari imeisha, nenda hospitali.

Vidonge vya mzio? Kwa upupu usivitegemee. Mwaka 1955 watafiti Walter Shelley na Robert Arthur walieleza kwamba kinachowasha ni kimeng'enya kinachomeng'enya protini, wakakiita mucunain. Mwasho wake haupiti njia ya histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa mzio, na hiyo ndiyo njia ambayo vidonge hivyo huiziba.

Kuna mmea mwingine wa kuwasha, wenye majani ya meno-meno unaochoma papo hapo ukiugusa, Waingereza huuita nettle, nao una tabia yake. Unywele wake ni kama sindano yenye ncha ya silika, kitu kama kioo. Ncha huvunjika ukiigusa, na histamini pamoja na wenzake huingia. Huo hupenda udongo wenye mbolea nyingi: mazizi ya zamani, mahame, kingo za mitaro. Yaani palepale unapoona pametulia, pamejificha, panafaa kusimamisha hema au kuchutama. Na kwa huo nawapa watu wa majani nusu pointi: jani lenye majimaji linapoza kidogo, na muda unaopotea kulitafuta unasaidia pia, kwa sababu mara nyingi mwasho wenyewe hupoa taratibu hata usipofanya kitu. Nusu pointi tu. Wenye kupendekeza mkojo hawapati hata hiyo.

Mtaniambia nivae suruali ndefu. Sawa, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ila jaribuni kupanda mlima mchana na mzigo wa kilo ishirini mkiwa na suruali ndefu, halafu turudi kwenye mazungumzo. Nimekubali soksi ndefu nyepesi za kuvuta hadi gotini ninapoona vichaka vimeisogelea njia. Sipendezi nazo.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni vifaa. Siku mbili baadaye, ngozi imetulia, nimesahau, nikavaa glovu na kushika usukani. Viganja vikaanza kuwaka. Manyoya yalikuwa kwenye glovu, kwenye vishikio, hata kwenye kamba za mikoba, yananingoja. Nilipitisha selotepu kwenye usukani mzima nikiwa nimechuchumaa kama fundi, na glovu nikazifunga kwenye mfuko mpaka nilipopata ndoo na sabuni.

Sasa selotepu inakaa juu kabisa ya mkoba, mbele ya viraka vya pancha. Mwenzangu ameiona, akaniuliza nimechana nini. Nikamweleza yote haya, kwa kirefu kuliko nilivyowaeleza ninyi. Akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema lakini lile jani lilisaidia.