Rekodi ya jeshi ya rais wa Marekani isomwe kwa kazi, si kwa nishani

Katiba ya Marekani inamfanya rais kuwa amiri jeshi mkuu, lakini haimtaki awe amewahi kushika bunduki. Masharti yake ni raia wa kuzaliwa, umri wa miaka 35 na kuishi nchini miaka 14, basi. Hata hivyo zaidi ya nusu ya watu 45 waliowahi kukalia kiti hicho walipitia jeshini, na kila uchaguzi ukikaribia rekodi hizi hufukuliwa: wapambe wanamvisha mtu wao kilemba cha ukoka, wapinzani wanamtafutia doa. Nadhani pande zote mbili zinatazama pasipo penyewe. Zinatazama cheo na nishani. Mimi ningeuliza mtu huyu alipewa kazi gani, alikuwa na askari wangapi chini yake, nani aliwalisha, na mambo yalipoharibika nani aliwajibika.

Chukua Harry Truman, kabla hajawa rais. Mwaka 1918 huko Ufaransa alikuwa kapteni wa Betri D, rejimenti ya 129 ya mizinga: watu karibu 200 na mizinga 4 ya milimita 75, yote ikikokotwa na farasi. Usiku wa 29 Agosti, katika milima ya Vosges, betri yake iliwarushia Wajerumani makombora ya gesi. Kazi hiyo ina kanuni moja isiyo na mjadala: ukishamaliza kupiga, hama papo hapo, kwa sababu mimweko ya mizinga imeshamwonyesha adui ulipo. Farasi walichelewa kuletwa. Mvua ilikuwa inanyesha, mizinga ikazama kwenye tope, na majibu ya Wajerumani yakaanza kutua. Sajini mkuu akapiga kelele watu wakimbie, nao wengi wakatimua mbio. Truman, ambaye farasi wake alikuwa amemwangukia, akasimama na kuwaporomoshea matusi mazito mpaka wakarudi. Yule sajini alivuliwa cheo.

Kisa hicho kinapendwa kwa sababu kina moshi na kelele. Mimi naona kuna jambo la awali lenye uzito zaidi. Kambini Doniphan, Oklahoma, kabla ya kuvuka bahari, Truman na mwenzake Eddie Jacobson walipewa kuendesha kantini ya rejimenti. Kila askari alichanga dola 2 za mtaji. Kantini za namna hiyo zilikuwa zikifilisika kwa wizi na uzembe. Ya kwao ilirudisha michango pamoja na faida. Sasa ruka mpaka 1941: seneta Truman anaongoza kamati ya kuchunguza ubadhirifu katika kandarasi za vita. Mtu aliyewahi kufunga hesabu za kantini ya jeshi anajua mali ya jeshi inavujia wapi. Na Aprili 1951, akiwa rais, alimfuta kazi Douglas MacArthur, jenerali wa nyota tano aliyekuwa akipinga hadharani sera ya serikali yake. Kapteni alimwondoa jenerali, na naamini kapteni huyo alikumbuka vizuri kilichotokea sajini alipojiamulia mambo mbele ya watu.

Ulysses Grant ndiye mfano ulio mgumu, na ndio maana watetezi wa wanajeshi humpitia haraka. Katika vita vya Mexico, 1846 hadi 1848, alikuwa ofisa ugavi wa rejimenti ya 4 ya askari wa miguu. Nyumbu, mahema, vyungu, mikate: ofisa ugavi akikosea hesabu ya nyumbu, rejimenti nzima inafika kambini usiku bila chakula. Masika ya 1863, katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe, alivusha jeshi lake mto Mississippi kusini mwa Vicksburg, mji uliokuwa ngome ya waasi wa Kusini, akaenda na risasi na vitu vichache kama kahawa na chumvi, mengine askari wakiyachukua kwenye mashamba ya njiani. Hakuna anayethubutu kuacha mizigo nyuma kiasi hicho ila yule anayejua kila mzigo una kazi gani. Mji ulijisalimisha tarehe 4 Julai.

Lakini Grant huyohuyo, rais kuanzia 1869 hadi 1877, aliendesha Ikulu kama makao makuu ya vita: aliwaamini watu wake na kuwakingia kifua. Mwaka 1875 ulipofichuliwa mtandao wa kukwepa kodi ya wiski, katibu wake Orville Babcock, aliyekuwa ofisa wake wakati wa vita, alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Grant alitoa ushahidi wa maandishi kumtetea, na Babcock akaachiwa. Vitani, kumtilia shaka msaidizi wako kila saa ni kuchelewesha amri. Serikalini, kutomtilia shaka ni kuacha mlango wa hazina wazi. Jeshi lilimfundisha Grant vyote viwili, ugavi na uaminifu wa kupita kiasi, na nchi ililipia hiki cha pili.

Nishani nazo zina hadithi zake. Lyndon Johnson alivaa Nyota ya Fedha kwa safari moja tu ya ndege, Juni 1942, akiwa mtazamaji na mbunge ndani ya sare ya jeshi la wanamaji. Marubani na wapiga bunduki wa ndege hiyo hawakupewa kitu kwa safari hiyo. Kwa upande mwingine William McKinley, kwenye mapigano ya Antietam mwaka 1862, alikuwa sajini wa chakula aliyeendesha gari la farasi chini ya risasi ili wenzake wapate kahawa na chakula cha moto. Baadaye watu walimwita “Meja”, lakini hicho kilikuwa cheo cha heshima, cha kumpongeza mtu kwa ushujaa. Ukisoma vyeo vya vita vile vya wenyewe kwa wenyewe, tenganisha daima cheo cha heshima na cheo cha kazi, la sivyo utadhani kila wakili wa Ohio aliongoza brigedi.

Na wasiotumikia, au waliotumikia kwa jina tu? Grover Cleveland alilipa dola 150 mtu mwingine aende vitani badala yake. Sheria ya 1863 ya kuandikisha askari iliruhusu, na kosa naliweka kwenye sheria iliyompa mwenye fedha njia ya kutokea. Abraham Lincoln alikuwa kapteni wa wanamgambo kwa muda mfupi mwaka 1832, aliyechaguliwa kwa kura na wenzake, wala hakupigana. Franklin Roosevelt hakuvaa magwanda kabisa, ila alikaa miaka 7 akiwa waziri mdogo wa jeshi la wanamaji, akishughulika na viwanda vya meli, kandarasi na vyama vya wafanyakazi. Lincoln na Roosevelt waliongoza vita vikubwa kuliko vyote vya nchi hiyo. Miaka 7 ya Roosevelt ofisini, kwangu mimi, ina uzito kuliko nishani ya Johnson.

Uandikishaji wa lazima ulikoma 1973, na tangu George W. Bush aondoke madarakani 2009 hakuna rais aliyewahi kutumikia jeshini. Akitokea mwingine, usiridhike na picha yake ya sare. Kwa aliyetumikia tangu 1950, kuna fomu DD-214 ya kutoka jeshini: inaonyesha tarehe, cheo cha mwisho, fani, nishani, na namna alivyoachiwa. Kwa walinzi wa akiba, ongeza kumbukumbu za malipo, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha siku alizohudhuria. Ndizo zilizotolewa 2004 katika mabishano kuhusu miaka ya Bush katika Gadi ya Anga ya Texas. Lakini DD-214 haisemi mambo kama nani aliyekuwa na jukumu la kuleta farasi usiku ule wa Truman. Hayo yako katika taarifa za kikosi na kwa watu waliokuwa chini ya mgombea, na mwandishi wa habari anayemhoji aanzie kwao.