Friji Langu Limerudi Kwao

Jumatatu, kabla sijamaliza chai, guta lilisimama mbele ya nyumba yangu hapa Mbagala likiwa limebeba kitu nilichodhani nimekwisha kuagana nacho, yaani friji langu la milango miwili nililoliuza Alhamisi kwa shilingi 320,000. Lilikuwa limelazwa ubavu na kufunikwa khanga kama mgonjwa. Kijana aliyelinunua alishuka akanipa shikamoo ya chini sana, na nyuma yake akashuka shangazi yake. Hapo niliiweka chai chini, kwa kuwa shangazi haletwi kwenye jambo dogo.

Wenzangu mliowahi kuuza kitu mtandaoni mnajua nilikopita. Wa kwanza aliuliza kama bado lipo, nikajibu lipo, naye mpaka leo hajasema neno. Wa pili alitaka nimpelekee Morogoro bure, na wa tatu alitaka tubadilishane kwa pikipiki isiyo na kadi. Kijana huyu alipokuja mwenyewe, akafungua milango yote miwili, akasikiliza kompresa kwa sikio, kisha akatuma fedha zote pamoja na ya kutolea, nilimwombea dua mbele ya mke wangu.

Shangazi alikaribishwa kiti, akakataa maji, akaweka mtandio wake sawa.

"Kaka yangu," alianza, "tulikuja kwenu kwa wema na leo tumerudi kwa wema. Huyu mlitupa mzima, nasi tunamrudisha mzima. Hatukumpiga, hatukumtukana, wala hatukumlaza na njaa."

Nilimuuliza, kwa utulivu unaotarajiwa kwa katibu wa kamati ya maji ya mtaa, kama friji haligandishi, au linavuja, au linanguruma usiku watu wasilale.

"Kasoro hana hata moja," alijibu. "Ni moyo wa kijana tu, haukumridhia."

Nilimgeukia kijana nimsikie huyo moyo wake. Alitazama ndala zake. Mke wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kikaango, aliuliza ni moyo gani huo unaosubiri siku nne ndipo useme, na shangazi akamjibu kwamba mioyo hutofautiana, mwanangu, wengine hukaa miaka. Mwenye guta alikohoa kutukumbusha nauli yake. Jirani wa upande wa pili alianza kufagia uwanja ambao nilimwona akiufagia alfajiri.

Ndipo kijana akapata sauti, akasema amesoma kwenye simu kwamba kisheria mtu akinunua kitu mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Ni kweli ipo sheria hiyo, nami ninaijua kwa sababu shemeji yangu anaishi Ujerumani na haachi kutusimulia. Ni ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2011, nayo inamhusu mfanyabiashara anayemuuzia mtu akiwa mbali, si baba wa watoto wanne anayeuza friji lake moja kwa mtu aliyekuja kulikagua mpaka uvunguni. Tena sheria hiyohiyo inamruhusu muuzaji kumwachia mnunuzi gharama ya kurudisha mzigo, na inamtaka mnunuzi alipie thamani iliyopungua ikiwa amekitumia kitu kupita kiasi cha kukijaribu. Hapa kwetu, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inajali kama kitu kimefanana na maelezo yake, na friji langu lilifanana na maelezo yake mpaka ule mkwaruzo niliouonyesha kwenye picha ya nne. Duka lolote la Kariakoo limeshaandika kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mimi sikuwa na risiti.

Niliyasema haya yote nikiwa nimesimama, kidole juu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umesema vizuri sana, kaka yangu. Sasa na ya kutolea utaturudishia?"

Nilipojaribu kujibu ndipo nilipoona mikono yake. Ilikuwa na hina, hina mbichi, nyekundu mpaka kwenye viganja. Nikafungua mlango wa friji, nikapokelewa na harufu ya vibua na, chini yake, harufu ya pilau. Kizibo cha soda kilidondoka kikaviringika mpaka miguuni pa mke wangu. Alhamisi limechukuliwa, Jumamosi kumeliwa harusi, Jumatatu moyo umekataa! Nilipaza sauti, nakiri, na maneno mengine hayakuwa ya katibu wa kitu chochote.

Shangazi hakujitetea. Alisema harusi ilipendeza, ila kadi zilikwisha.

Fedha zenyewe sinazo. Ijumaa asubuhi zilikwenda kwenye kodi ya nyumba, na mwenye nyumba hana siku 14 za kubadili mawazo. Kwa hiyo tumekubaliana, au wao wamekubaliana, kwamba friji likae hapa barazani kama amana mpaka nitakapopata mnunuzi mwingine, huku likimaliza eda yake, maana friji lililosafirishwa likiwa limelala lazima lisimame saa kadhaa mafuta ya kompresa yarudi mahali pake kabla ya kuwashwa. Nauli ya guta nimelipa mimi, sijui ilivyotokea.

Jana nimelisugua kwa ndimu na magadi. Leo asubuhi mtoto ametumwa na shangazi kuulizia bakuli lake la kioo lililosahaulika kwenye droo ya mboga. Nimemwambia halipo. Lipo, lina achari ya embe hadi nusu, na tangu jana tunaila na ugali.